Dhahabu au Gwanda: Jinsi Jeshi la Lazima Lilivyoamua Maisha ya Wanasoka wa Korea Kusini

Tarehe 1 Septemba 2018, Uwanja wa Pakansari, Cibinong, nje kidogo ya Jakarta. Fainali ya soka ya wanaume, Michezo ya Asia. Korea Kusini na Japani wamekimbizana dakika 90 nzima, ubao unasoma 0-0. Kwa mtu aliyewasha tu TV bila kujua chochote, hii ni mechi ya vijana wa chini ya miaka 23, ya mashindano ambayo Ulaya hawayajali kabisa. Lakini angalia sura za vijana wa Korea. Wamekauka. Nahodha wao, straika wa Tottenham mwenye miaka 26, ambaye miezi miwili nyuma alikuwa Kombe la Dunia nchini Urusi akiifunga Ujerumani, anacheza kama mtu anayedaiwa kodi ya nyumba.

Na kweli alikuwa anadaiwa. Si pesa. Alikuwa anadaiwa miezi 21 ya maisha yake.

Wakishinda, yeye na wenzake 19 wanasamehewa jeshi. Wakishindwa, medali ya fedha haina thamani yoyote mbele ya sheria, na staa huyo aliyekuwa kwenye kilele cha Ligi Kuu ya Uingereza angetakiwa kurudi nyumbani kabla umri haujamfunga, anyolewe nywele, avae gwanda na alipwe posho ya askari.

Majina yakae pembeni, maana mpenzi wa mpira atawatambua wengi wao bila kutajiwa, na habari hii si ya mtu mmoja. Ni habari ya vizazi vinne hivi vya wachezaji ambao kila baada ya miaka minne walicheza mashindano ya bara wakiwa na bunduki inawasubiri upande wa pili wa mstari.

Kwa nini jeshi ni lazima

Ili kuelewa presha ile, rudi nyuma. Vita vya Korea vilianza 1950 na mapigano yakasitishwa Julai 1953. Yalisitishwa tu. Mkataba wa amani haukusainiwa mpaka leo, kwa hiyo kisheria Korea mbili bado ziko vitani. Ndiyo maana kila mwanaume wa Korea Kusini mwenye afya njema anaenda jeshini, kwa kawaida kabla ya kumaliza miaka 28. Zamani ilikuwa hadi miaka mitatu. Muda umekuwa ukipunguzwa kidogo kidogo, na sasa hivi jeshi la nchi kavu ni miezi 18.

Na huko, jeshi si jambo la kupiga kelele mitandaoni likaisha. Ni suala la heshima ya familia. Mtoto wa waziri akikwepa, baba anaweza kupoteza cheo. Mwanamuziki mmoja aliyekuwa anapendwa sana alichukua uraia wa Marekani mwaka 2002, kabla tu ya kuitwa, baada ya kuwaambia mashabiki kwamba ataenda. Alifungiwa mipaka. Zaidi ya miaka 20 baadaye alikuwa bado anahangaika mahakamani ili aruhusiwe kuingia nchi aliyozaliwa. Hapo ndipo unaelewa kwamba wananchi wa kule wanasamehe mengi, lakini hili la jeshi hapana.

Sasa kwa mtu wa kawaida, miezi 18 au 21 ni usumbufu. Anasimamisha chuo, anaenda, anarudi, maisha yanaendelea. Kwa mwanasoka, umri wa miaka 20 hadi 28 ndio duka lenyewe. Ndio umri anaonunuliwa, anaokua, anaoingiza pesa ya maisha. Kumtoa miaka miwili katikati ni kama kufunga duka la nguo msimu wa sikukuu.

Sheria ya 1973

Mlango wa kutokea ulifunguliwa mwaka 1973, enzi za Rais Park Chung-hee, jenerali aliyeingia madarakani kwa mapinduzi. Mwaka mmoja kabla, kwenye Olimpiki ya Munich, Korea Kaskazini ilipata medali ya dhahabu. Kusini iliambulia fedha moja. Kwa serikali iliyokuwa inashindana na ndugu yake kwa kila kitu, ile ilikuwa aibu. Ikatungwa sheria: mwanamichezo au msanii atakayeiletea nchi sifa kimataifa atatumikia taifa kwa kipaji chake badala ya bunduki.

Mwanamichezo wa kwanza kunufaika alikuwa mwanamieleka aliyeshinda dhahabu Montreal 1976, dhahabu ya kwanza ya Olimpiki katika historia ya Korea Kusini.

Mwanzoni milango ilikuwa mingi, mashindano kadhaa yalihesabika. Baadaye ikaonekana watu wanasamehewa ovyo, masharti yakakazwa. Tangu 1990 sheria inasema hivi: medali yoyote ya Olimpiki, au dhahabu ya Michezo ya Asia. Basi. Kombe la Dunia halimo. Kombe la Asia halimo. Ukifunga mabao 20 Ligi Kuu ya Uingereza, hongera sana, ila kambi inakusubiri.

Hapo ndipo mashindano yale madogo ya bara yalipogeuka kuwa makubwa kuliko yote. Medali ya Olimpiki kwenye soka ni mlima, mna Brazil na Argentina mule. Dhahabu ya Asia ndiyo njia inayoonekana kupitika.

Inayoonekana.

Miaka 28 ya machozi

Korea Kusini ilitwaa dhahabu ya soka mwaka 1970 kwa kugawana na Burma, 1978 kwa kugawana na Korea Kaskazini, na 1986 ilipokuwa mwenyeji mjini Seoul ikaifunga Saudi Arabia 2-0. Baada ya hapo, ukame.

Beijing 1990, walitolewa na Irani nusu fainali. Hiroshima 1994, wakatawala mechi ya nusu fainali dhidi ya Uzbekistani, wakafungwa 1-0. Bangkok 1998 ndiyo ilikuwa kituko: robo fainali na wenyeji Thailand, ambao walibaki wachezaji tisa uwanjani, na bado Wathai wakashinda kwa bao la dhahabu. Tisa! Kuna vijana wa Korea ambao wanaweza kusema miaka yao miwili ya jeshi ilitokana na watu tisa.

Busan 2002, nyumbani, miezi michache tu baada ya Kombe la Dunia. Nusu fainali na Irani, 0-0, mikwaju ya penalti, wakatoka. Doha 2006, Iraki ikawapiga 1-0 nusu fainali. Guangzhou 2010, nusu fainali na Falme za Kiarabu, mechi ikaenda muda wa nyongeza, kila mtu anajiandaa kwa penalti, sekunde za mwisho kabisa Waarabu wakafunga. Vijana wakalala chini kwenye nyasi, wengine walikuwa wanalia kama wamefiwa.

Cha kujifunza hapo ni kwamba motisha ile haikuwa msaada siku zote. Timu iliyokuwa na vipaji kuliko wapinzani wake ilikuwa inaingia uwanjani na mzigo ambao wapinzani hawana. Mwarabu akikosa bao anasikitika, analala, kesho anaamka. Mkorea akikosa bao anaona kambi, viatu vya jeshi, na simu ya wakala wake inayoacha kuita. Miguu inakuwa mizito. Maji yakizidi unga, uji.

Vijana wa 2002: bahati ya kizazi kimoja

Kuna kundi moja lililopata msamaha bila kugusa Michezo ya Asia. Kombe la Dunia 2002, Korea na Japani wakiwa wenyeji, Korea Kusini ilikuwa haijawahi kushinda hata mechi moja ya Kombe la Dunia katika historia yake. Wakaifunga Poland, wakaifunga Ureno, wakaingia 16 bora. Rais alipokwenda kuwapongeza vyumbani, nahodha wa timu akatumia nafasi hiyo kuomba wenzake wasamehewe jeshi. Nchi nzima ilikuwa barabarani imevaa nyekundu. Nani angesema hapana? Serikali ikabadilisha kanuni: kufika 16 bora ya Kombe la Dunia kunatosha. Wakaendelea hadi nusu fainali kwa kuzitoa Italia na Hispania.

Matunda yake yakaonekana haraka. Mwanzoni mwa 2003 kiungo mmoja na beki mmoja wa kikosi kile wakamfuata kocha wao PSV Eindhoven. Mwaka 2005 kiungo akasajiliwa Manchester United, beki akaenda Tottenham. Mashabiki wa hapa nyumbani waliokuwa wanajaa vibandaumiza kumuangalia yule kiungo asiyechoka, mwenye mapafu ya farasi, wengi hawakujua kwamba bila kanuni ile ya haraka haraka huenda wangekuwa hawajamuona kabisa.

Mwaka 2006 vijana wa besiboli nao wakapewa msamaha baada ya kufika nusu fainali ya mashindano ya dunia. Hapo wananchi wakaanza kuuliza: sasa kila mchezo ukifanya vizuri sheria inabadilishwa? Mtu wa kuogelea je? Wa riadha? Ndani ya muda mfupi serikali ikafuta vyote viwili, Kombe la Dunia na besiboli. Ndiyo maana waliofika 16 bora Afrika Kusini 2010 na Qatar 2022 hawakupata kitu zaidi ya makofi.

Aliyeachwa na basi

Lakini hadithi nzito ya 2002 si ya waliopanda basi. Ni ya aliyeachwa kituoni.

Kulikuwa na straika kijana, sura nzuri, mashabiki wa kike wanamzimia. Mwaka 1998, akiwa na miaka 19, aliingia kucheza na Uholanzi kwenye Kombe la Dunia na kupiga shuti lililofanya nchi nzima imkumbuke ingawa timu ilipigwa 5-0. Akapata nafasi ya mkopo Werder Bremen ya Ujerumani. Ilikuwa inaonekana yeye ndiye sura ya 2002.

Kocha akatangaza kikosi cha Kombe la Dunia. Hayumo.

Akakaa pembeni akiwaona wenzake wa rika lake wanakuwa mashujaa na kusamehewa jeshi kwa mkupuo. Akabakiwa na tundu moja tu, Michezo ya Asia ya Busan vuli ile ile. Akaitwa. Nusu fainali, penalti, Irani, kwaheri. Mwaka 2003 akaingia jeshini na kuchezea timu ya jeshi, huku wenzake wa 2002 wanapakia mabegi kwenda Ulaya.

Watu wangedhani huo ndio mwisho wake. Hapana. Alirudi, akaumia goti miezi michache kabla ya Kombe la Dunia 2006, akaenda Middlesbrough 2007 mambo hayakukaa sawa, akarudi nyumbani. Na huko nyumbani, akiwa mtu wa zaidi ya miaka 30, akawa mfungaji wa kutisha, bingwa mara nyingi na mchezaji bora wa ligi zaidi ya mara moja. Alistaafu 2020 akiwa na miaka 41. Kila wanapojadili jeshi na soka huko Korea, kuna mtu atamtaja kama ushahidi kwamba jeshi haliui mchezaji. Na kuna mwingine atajibu: haliui, lakini hakuna anayejua lilimchukulia nini.

Timu ya wanajeshi

Maana si wote wanaokwenda kulinda mpaka. Jeshi la Korea lina kikosi chake cha michezo kinachoitwa Sangmu, kilichoanzishwa 1984. Timu yake ya soka inacheza ligi ya taifa, imehama miji mara kadhaa, Gwangju, kisha Sangju, na tangu 2021 iko Gimcheon. Wachezaji wake wote ni askari. Wanatoka klabu zao, wanachaguliwa, wanafanya mafunzo ya awali, halafu wanacheza ligi huku wakiishi kambini. Wakifunga bao wanapiga saluti.

Kwa kocha wa timu hiyo ni kazi ya ajabu duniani. Hawezi kununua mchezaji wala kuuza. Kila mwaka nusu ya kikosi inamaliza muda wake, mara nyingine katikati ya msimu, inarudi kwenye klabu zake za zamani. Leo straika wako anakufungia, mwezi ujao anakuja kukufunga.

Lakini nafasi ni chache na ushindani ni mkali. Wasiopata wanaingia jeshi la kawaida au kazi mbadala, na mpira unabaki wa kucheza jioni na wenzao wa bwenini. Ndiyo maana wengine walishikwa na tamaa. Mwaka 2008 waendesha mashtaka waligundua makumi ya wanasoka waliofanya bega lao lionekane bovu na kulifanyia upasuaji usio wa lazima ili waonekane hawafai kwa jeshi. Fikiria hilo kidogo. Mwanamichezo, ambaye mwili ndio mtaji wake, analala kwenye kitanda cha hospitali akatwe bega zima, kwa kuogopa miaka miwili.

Cardiff, dakika ya 89

Mwaka 2012 mlango mwingine ukafunguka: Olimpiki ya London. Korea Kusini ikawatoa wenyeji Uingereza kwa penalti, ikapigwa na Brazil 3-0, na tarehe 10 Agosti ikakutana na Japani mjini Cardiff kugombea shaba. Kwa historia ya nchi hizo mbili, mechi hiyo ingetosha kuwa vita hata bila jeshi. Na jeshi nalo likawekwa juu yake.

Bao la kwanza lilifungwa na straika aliyekuwa amechukiwa nchi nzima. Aliwahi kucheza Monaco, na mapema mwaka ule ikafahamika kuwa amepata kibali cha ukaazi cha miaka 10 huko, kinachomruhusu kuahirisha jeshi mpaka umri wa miaka 37. Watu waliona ni ujanja ujanja. Kocha alipomwita kikosini akaandaliwa mkutano na waandishi, straika akaahidi kwamba atatumikia. Kocha, yule yule nahodha wa 2002, akasema kijana asipoenda jeshini basi yeye mwenyewe atakwenda badala yake. Bao lile likamaliza mjadala wote. Korea ikashinda 2-0.

Lakini tukio la kukumbukwa zaidi lilikuwa dakika ya 89. Kwa kanuni za wakati ule, msamaha ulikuwa wa mchezaji aliyeingia uwanjani angalau mara moja. Kulikuwa na beki mmoja ambaye hakuwa amecheza hata sekunde moja tangu mashindano yaanze. Kocha akamwangalia, akamvua mfungaji wa bao la pili, akamwingiza kijana. Akacheza dakika chache, akagusa mpira kidogo, filimbi ikalia. Dakika chache zile zikampa karibu miaka miwili ya maisha. Hakuna saini ya mkataba yenye malipo hayo.

Adui, ndugu, dhahabu

Miaka miwili baadaye, Incheon 2014, ukame wa miaka 28 ukafikia kikomo, na namna ulivyokwisha mtu akitunga hadithi ataambiwa ametia chumvi. Fainali, tarehe 2 Oktoba. Wapinzani: Korea Kaskazini. Nchi ile ile ambayo ndiyo sababu ya jeshi la lazima kuwepo.

Dakika 90 hakuna bao. Muda wa nyongeza unayoyoma, penalti zinanukia. Dakika ya mwisho kabisa, mpira wa kona, vurugu golini, beki wa kulia anayecheza daraja la pili anaupiga wavuni. Kikosi kizima kikasamehewa kulinda mpaka kwa kuifunga nchi iliyoko upande wa pili wa mpaka huo.

Nani hakuwepo? Straika aliyekuja kuwa nahodha wa Cibinong. Alikuwa Bayer Leverkusen wakati huo, na klabu ilikataa kumwachia. Michezo ya Asia haipo kwenye kalenda ya FIFA, kwa hiyo klabu hailazimiki kumtoa mtu. Akaangalia wenzake wanasamehewa akiwa Ujerumani. Mwaka 2016 akajaribu Olimpiki ya Rio, wakatolewa robo fainali na Honduras 1-0, akalia mpaka akabebwa. Saa ilikuwa inakimbia.

Rudi Cibinong

Kwa hiyo alipotua Indonesia 2018 alijua hakuna nyingine. Tottenham walimwachia, kwa makubaliano kwamba atakosa baadhi ya mechi nyingine za taifa, zikiwemo mbili za mwanzo za Kombe la Asia 2019. Angalia hapo hesabu ilivyokaa: taifa lilikubali kumkosa staa wake kwenye Kombe la Asia halisi, la wakubwa, ili acheze mashindano ya vijana. Mwezi Januari akafika Falme za Kiarabu amechoka, na Korea ikatolewa na Qatar robo fainali. Hiyo ndiyo bei ya sheria ile kwenye mpira wa bara zima. Kikombe kikubwa kinakuwa kidogo na kidogo kinakuwa kikubwa.

Uchaguzi wa kikosi nao ulikuwa vita. Timu inaruhusiwa wachezaji watatu tu waliozidi umri. Ukimpa mmoja nafasi umempa msamaha, ukimnyima mwingine umempeleka jeshini. Kocha alipomchagua straika aliyewahi kufanya naye kazi kwenye klabu, mitandao ikawaka moto: undugunization! Straika yule akajibu kwa mabao tisa, yakiwemo matatu kwenye ushindi wa 4-3 dhidi ya Uzbekistani. Kelele zikaisha. Wenzao wa besiboli hawakuwa na bahati hiyo. Walishinda dhahabu, lakini kocha wao aliitwa bungeni kuhojiwa kwa nini aliwachukua wachezaji walioonekana kuvizia msamaha, na baadaye akajiuzulu.

Njiani walipigwa na Malaysia 2-1 kwenye makundi, watu wakaanza kutengeneza vichekesho vya nahodha akiwa na kofia ya chuma. Fainali ikafika muda wa nyongeza. Dakika ya 93, kijana aliyetokea benchi akaupiga juu ya nyavu. Dakika ya 101, mpira wa adhabu wa nahodha, winga akaruka na kuupiga kichwa. Japani wakarudisha moja dakika ya 115, na dakika tano zilizobaki zilikuwa ndefu kuliko miezi 21. Filimbi. 2-1.

Kwenye kundi lile alikuwemo kiungo ambaye tayari alikuwa anatumikia, kwenye timu ya polisi. Alirudi nyumbani akaruhusiwa kuondoka mapema, na miezi michache baadaye akawa anacheza Canada, kisha Ulaya. Alikuwemo beki wa kati ambaye mwaka 2023 aliipa Napoli ubingwa wa Italia kisha akaenda Bayern Munich. Mataji hayo yote yana mguu mmoja Cibinong.

Msamaha nao una masharti

Watu wengi wanadhani msamaha ni kwaheri ya moja kwa moja. Sivyo. Anayesamehewa bado anafanya mafunzo ya awali ya wiki chache, anatakiwa kubaki kwenye fani yake kwa miezi 34, na anadaiwa saa 544 za kazi za jamii kama kufundisha watoto. Nahodha wa Cibinong alifanya mafunzo yake na wanamaji kisiwani Jeju mwaka 2020, wakati ligi imesimama kwa Korona, na akamaliza akiwa miongoni mwa waliopewa tuzo ya kufanya vizuri.

Mwingine saa zile 544 zilimshinda. Beki mmoja wa timu ya taifa, aliyekuwa nahodha wa dhahabu ya 2014, alibainika mwaka 2018 kuwa amewasilisha taarifa za uongo za kazi za jamii. Shirikisho likamfungia timu ya taifa maisha na kumtoza faini ya won milioni 30. Alikuwa mmoja wa mabeki tegemeo. Hakuitwa tena.

Mbona wanamuziki hapana?

Wapenzi wa burudani nao waliingia kwenye mjadala huu kwa nguvu. Sheria inawasamehe wapiga piano na violini wanaoshinda mashindano makubwa ya muziki wa kitamaduni wa Ulaya, lakini haiwajui wanamuziki wa kizazi kipya. Mwaka ule ule wa 2018 BTS walikuwa wamefika namba moja kwenye chati ya albamu ya Marekani, mara ya kwanza kwa kundi la Korea. Swali likaulizwa mpaka bungeni: anayeshinda fainali moja ya vijana Indonesia anasamehewa, hawa waliobeba jina la nchi dunia nzima hapana? Mwaka 2020 wakapewa ruhusa ya kuahirisha hadi miaka 30. Mwishowe wenyewe wakaamua kwenda, wa kwanza akaingia Desemba 2022, na kufikia Juni 2025 wote saba walikuwa wamemaliza. Kwa wananchi wengi, hatua hiyo iliwapa heshima ambayo medali isingeweza kuwapa.

Na Korea haiko peke yake. Singapore mwaka 2018 ilimkatalia kijana aliyesaini Fulham kuahirisha jeshi, akaishia kuchezea vijana wa Thailand. Thailand yenyewe inatumia bahati nasibu: unaingiza mkono kwenye chombo, karatasi nyeusi unarudi nyumbani, nyekundu unakwenda. Angalau pale hakuna anayekulaumu kwa kukosa penalti.

Koplo aliyefunga bao

Michezo ya Hangzhou iliahirishwa kwa Korona ikafanyika 2023. Fainali tarehe 7 Oktoba, wapinzani Japani tena. Korea walifungwa dakika ya pili tu, wakasawazisha, na kipindi cha pili straika mmoja akafunga bao la ushindi, 2-1. Kwenye kikosi alikuwepo staa wa PSG, ambaye klabu yake ilimwachia mashindano yakiwa yameshaanza, na kamera zote zilikuwa kwake.

Lakini mfungaji wa bao lile hakuwa PSG. Alikuwa mwanajeshi. Alikuwa ameingia Gimcheon Sangmu mapema mwaka ule, ameshanyolewa, ameshazoea kengele ya alfajiri, na alikuwa na muda mrefu bado mbele yake. Alikwenda China kama askari, akajifungulia mlango kwa mguu wake mwenyewe, na akaruhusiwa kutoka mapema. Wenzake aliowaacha bwenini waliangalia mechi ile kwenye TV ya kambi. Walishangilia, bila shaka. Kesho yake wakaamka kwa kengele ile ile, wakafunga kamba za viatu, wakaenda mazoezini.

Mwaka 2026 Michezo ya Asia ni Aichi na Nagoya, nchini Japani. Kuna vijana 20 na kitu ambao sasa hivi wanahesabu siku. Wataingia uwanjani na Mjapani mwenye umri wao, kipaji chao, ndoto zao. Tofauti ni kwamba yeye akipoteza atarudi klabuni kwake.

Je, ni haki maisha ya mtu kuamuliwa na mkwaju mmoja wa penalti? Au haki ni kwamba kila mtoto wa kiume aende, mwenye kipaji na asiye nacho? Huko Korea wamebishana tangu 1973 na bado hawajamaliza.